Kukanda na Kunyoosha Viungo: Habari za Kazi ya Mkono katika Mugango

Desturi tunayotaka kuieleza hapa haina ngoma wala kafara, wala haina siku yake katika mwaka. Yamkini ndiyo sababu wengi walioandika habari za watu wa Ziwa waliipita kando. Waliandika mambo ya mahari, ya koo na miiko yake, ya mvua na wenye kuileta. Bali mkono wa mwanamke juu ya mgongo wa mvuvi hawakuuona, au waliuona wakadhani si neno. Na sisi tuliosoma katika shule za misioni twakiri kwamba hatukuuona vizuri kuliko wao, ingawa tulilelewa chini ya mkono huo huo.

Mugango iko pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria, kusini ya mji wa Musoma. Wakazi wake ni Waruri, Wakwaya na Wajita, ambao lugha zao zakaribiana hata wasikilizana bila mkalimani. Kazi zao ni uvuvi na jembe, na zote mbili ni kazi za mgongo. Aliyevuta kokoro, zamani kabla ya wavu huo kukatazwa na sheria kwa kuwa huangamiza samaki wachanga, anajua maana ya maneno haya. Wanaume husimama pwani kwa safu mbili, kila safu imeshika kamba yake, wakaegemea nyuma na kurudi hatua kwa hatua mpaka wavu ufike nchi kavu. Kazi hii ikifanywa mara mbili au tatu kwa siku, jioni mtu hawezi kuinama kuvua viatu vyake, kama anavyo.

Nyumbani kwetu kazi ya kukanda ilikuwa ya bibi. Aliteleka maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa kizito na kukikamua, akakilaza mgongoni hata ngozi ikalainika. Kisha alipaka samli, na samli ikikosekana, mafuta ya nyonyo. Hakuanza mahali penye maumivu. Alianza mbali, kiunoni au katika shavu la mguu, akipanda polepole kwa kiganja chote, na mahali penyewe alipafikia mwisho, wakati mgonjwa amekwisha kusahau kujikaza. Hapo ndipo alipotumia kidole gumba. Akimaliza alimwambia alale chali, akamkunja goti moja hata lifike kifuani, akalishika kwa muda wa pumzi kadhaa bila kulisukuma kwa ghafula, kisha la pili. Mwisho alimwamuru ainuke na kutembea uani. Asiyetembea alikaripiwa: “Nimekukanda ili uende, sikukukanda ili ulale.”

Tumeyataja haya kwa urefu kwa sababu hakuna hata moja kati yake lililo la uganga. Hapakuwa na maneno ya siri, wala hirizi, wala malipo zaidi ya samaki wawili watatu.

Maneno ya kazi hii nayo yafaa kuangaliwa. Kukanda ni neno la kale. Kinyarwanda kina gukanda kwa maana ya kubonyeza na kuchua mwili, basi twaona kwamba halikuletwa na majahazi kutoka Uarabuni, bali ni mali ya lugha za Kibantu. Katika Kiswahili mtu hukanda unga, hukanda udongo, na hukanda mwili; kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaziweka kazi hizi chini ya neno moja. Kukandika nyumba laonekana kuwa jamaa yake, na kukandamiza vilevile, ambalo siku hizi hutumika zaidi kwa maana ya kudhulumu: mkono ni ule ule, ila nguvu imezidi. Kuchua ni jingine, nalo ni kusugua kwa kidole au kiganja, aghalabu pamoja na dawa. Kusinga ni la Pwani, ni kumsugua mtu, hasa bibi arusi, kwa mafuta na manukato. Na kunyoosha, ambalo vitabu vya zamani viliandika kunyosha, latoka katika kunyoka, yaani kuwa bila kupinda; ndugu yake ni mnyofu, neno ambalo wahubiri walilipenda sana wakaliacha lisahau viungo vya mwili.

Lakini neno lenye taabu kuliko yote ni mshipa. Kwa Kiswahili mshipa ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, ni kano, tena ni jina la ugonjwa wa kuvimba sehemu za siri. Mkandaji asemapo “mshipa umekaza” anayo chini ya kidole chake kano ya bega au uzi wa nyama ulioshupaa; mgonjwa husikia kwamba damu yake imezibwa; naye tabibu, akiambiwa maneno hayo hayo, hucheka, kwa kuwa anajua mshipa wa damu haukazi namna hiyo. Nadhari yetu ni kwamba sehemu kubwa ya dharau kati ya hospitali na wakandaji imetoka katika neno hili moja, si katika kazi yenyewe. Msuli na misuli yametumika shuleni kwa muda sasa, lakini wazee wa Mugango bado husema mshipa, wala hawana sababu ya kuacha.

Desturi hii haikuwa ya wagonjwa tu. Mtoto mchanga ndiye aliyekandwa kuliko wote. Alipokwisha kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu alipakwa mafuta, akakunjwa miguu hata magoti yaguse tumbo, ikanyooshwa. Mikono ilipishanishwa kifuani na kufunguliwa. Kisha akasimamishwa mapajani, akiwa ameshikwa kwapani, arukeruke. Wataalamu wageni walilichelewa jambo hili, lakini walipoliona lilikuwa na maneno mengi. Katika mwaka 1957 Marcelle Geber, tabibu Mfaransa aliyefanya kazi Kampala, pamoja na mwenzake Dean, walitangaza kwamba watoto wachanga wa Kiganda waliwatangulia wale wa Ulaya kwa nguvu za shingo na mgongo. Wapo waliosema ni tabia ya damu ya Kiafrika, nayo ni fikira ya uvivu. Ndipo Charles Super, Mmarekani, alipokaa katika kijiji kimoja cha Wakipsigis katika Kenya ya magharibi, na mwaka 1976 akaandika aliyoyaona. Akina mama wa huko walimfundisha mtoto kuketi, hata wakamchimbia shimo dogo la kumshikilia mgongo, na walimfundisha kutembea. Watoto wao wakaketi na kutembea mapema. Lakini kutambaa hawakufundishwa sana, na katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao wa Marekani. Basi si damu, ni mkono. Bibi zetu wa Mugango hawakusoma maandiko ya Super, lakini wangeweza kumweleza hayo kabla hajapanda meli.

Mama aliyejifungua naye alikandwa kwa maji ya moto. Hapa hatuwezi kusifu kila kitu. Maji mara nyingine yalikuwa ya moto mno, na wauguzi wameona ngozi zilizoungua. Na kulikanda tumbo la mwenye mimba ili “kumgeuza mtoto” ni jambo la hatari, ambalo hata wakandaji wenye akili walilikataa.

Sasa tufike katika historia yenyewe. Wamisionari Wamenoni kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 wakafungua vituo Bukiroba na Mugango. Kabla yao Wakatoliki walikuwa wamekwisha kukaa Nyegina, karibu na Musoma. Pamoja na shule ilikuja zahanati, na pamoja na zahanati lilikuja neno “uganga” kwa maana mpya. Katika lugha ya zamani mganga ni mtu aponyaye, basi. Katika shule alikuwa mtu wa giza. Serikali ya Tanganyika ilikuwa imetunga sheria juu ya uchawi mwaka 1928, sheria iliyohusu ulozi na vyombo vyake na wale wanaodai nguvu za siri, wala haikuwa na neno juu ya mtu anayenyoosha mguu ulioteguka. Lakini darasani hatukuyatenga mambo haya. Mpiga ramli, muunga mifupa, mkunga, na bibi mwenye samli, wote tuliwaweka katika kapu moja, tukafunga mdomo wa kapu.

Ajabu ni kwamba huko wageni walikotoka kazi hii hii ilikuwa ikivikwa kanzu ya heshima. Haikuwa mpya kwao. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, alikwisha kuandika juu ya kusugua mwili, akipambanua kusugua kwa nguvu kunakokaza nyama na kusugua kwa upole kunakoilegeza. Utamaduni huo ulifika hata Pwani yetu: Unguja ina mtaa wa Hamamni, ambako Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga nyumba ya kuogea kwa desturi ya Kiajemi, na Salme binti Said, katika kitabu chake cha mwaka 1886, ameeleza jinsi mabibi wa majumba ya kifalme walivyokandwa na wajakazi walipolala na walipoamka. Katika Ulaya, Msweden Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, na kutoka huko mazoezi na ukandaji vilienea nchi nyingi.

Lakini habari itufaayo zaidi ni ya London. Mwaka 1894 magazeti ya huko yalijaa fedheha ya nyumba zilizojiita za kukanda watu, kumbe zilikuwa za uasherati. Jina la kazi lilichafuka. Wauguzi wanne wanawake, waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa haki, hawakuiacha kazi yao kwa sababu ya wazinzi. Walianzisha chama, wakaweka mitihani, wakajifunga kwa kanuni kali: asikande mtu yeyote bila amri ya tabibu, wala asijitangaze gazetini kwa watu wote. Vita ya 1914 ilipokuja, askari waliojeruhiwa walirudi na viungo vilivyokakamaa, na wakandaji wa kike wakaitwa kwa mamia. Mwaka 1920 chama kilipewa hati ya mfalme, na mwaka 1944 kikajiita chama cha fiziotherapia, jina ambalo hospitali zetu hulitumia hata leo.

Hapo ndipo moyo wetu unapouma. London na Mugango zote zilikuta kazi njema imechanganyika na mambo machafu. Kule waliyachambua, wakabaki na kazi. Huku sisi waalimu tulitupa mchele pamoja na pumba, tukajiona tumesafisha ghala.

Tutoe mifano miwili ya kwetu, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande huu, ili tusidhaniwe kuwa watetezi tu.

Mwanafunzi wetu mmoja alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika mkono chini ya kiwiko. Baba yake hakumpeleka hospitali. Alimwita muunga mifupa, mtu maarufu, ambaye aliuchua mkono ule uliovunjika, akaufunga kwa vijiti na kamba, akaikaza sana. Usiku mtoto alilia. Siku ya pili vidole vilikuwa baridi na rangi imebadilika, wazee wakasema ni dalili ya dawa kuingia. Siku ya tatu alinyamaza, nasi tuliosikia tukafurahi, tusijue ya kuwa mkono ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unakufa. Kamba ilikuwa imezuia damu. Mtoto hakukatwa mkono, lakini vidole vilijikunja kama ukucha wa ndege, na mpaka leo, naye ni mtu mzima, huandika kwa mkono wa kushoto.

Wa pili alikuwa mwashi. Kiwiko chake kilivunjika, akapelekwa hospitali, akatiwa plasta vizuri, na mfupa ukaunga. Baada ya majuma sita plasta ilikatwa, akaambiwa, “Umepona, nenda.” Hakuna aliyemwonyesha zoezi hata moja. Mkono ulikuwa umenyooka nusu tu, hauendi mbele wala nyuma. Hakuweza kufikisha tonge kinywani, sembuse kushika mwiko wa uashi. Alikwenda kwa mwanamke mmoja mzee wa kijiji chetu. Kwa muda wa miezi minne alimkanda kwa maji ya vuguvugu na mafuta, juu ya kiwiko na chini yake, na kiwiko chenyewe hakukigusa. Kisha alimpa kazi: ashike ndoo tupu mkono ukining'inia, ahesabu mpaka uchoke, aiweke chini, siku nyingine ndoo yenye maji kidogo. Mwashi alirudi kazini. Miaka baadaye tulimweleza habari hiyo mtaalamu wa fiziotherapia, naye aliuliza swali moja tu: “Je, hakukisukuma kiwiko kwa nguvu?” Tulipomjibu la, alitikisa kichwa kwa kustaajabu, akatueleza kwamba kiwiko kilichoumia kikilazimishwa, mfupa huweza kuota ndani ya nyama na kukifunga kabisa. Yule mama alijua neno hili, wala hakuwa na jina lake.

Tulipokuwa vijana katika ualimu, mama huyo aliitwa mbele ya wazee wa kanisa moja, hatutalitaja, akaulizwa habari za “uganga” wake. Tulikuwapo. Aliulizwa anatumia dawa gani, akajibu, “Samli.” Aliulizwa anasema maneno gani akikanda, akajibu, “Namwambia asijikaze.” Watu walicheka, na sisi tulicheka. Aliambiwa aache, naye akaacha kwa muda wa miaka mingi, mpaka taabu ya mwashi yule ilipomshinda kuitazama. Binti zake wawili hawakujifunza kitu, kwa kuwa miaka ambayo wangejifunza ndiyo ile aliyonyamaza. Amekwisha kufariki. Sisi hatukuandika hata moja la maarifa yake wakati alipokuwa hai, nasi tulikuwa na kalamu.

Msomaji atauliza, je, kukanda kwaponya kweli, au ni faraja tu? Twaeleza kwa ufupi yanayojulikana leo. Wazee husema kukanda hutoa damu chafu, na vijana wa michezo husema hutoa asidi iliyobaki katika misuli. Yote mawili si sawa. Asidi ile huondoka yenyewe, aghalabu katika muda wa saa moja hivi baada ya kazi. Maumivu yajayo kesho yake na kesho kutwa hutokana na nyuzi za nyama zilizoumia kidogo kidogo kwa kazi isiyozoewa, nazo hujitengeneza. Kukanda hupunguza maumivu hayo, si sana, lakini hupunguza. Hutuliza njia za fahamu, na kiungo kikawa chepesi kwa muda. Kujinyoosha hakuzuii maumivu ya kesho kama wengi wanavyodhani, bali kukifanywa kila siku, kwa upole na kwa kushikilia kitambo, kiungo hupata kufunguka zaidi. Na lenye nguvu kuliko yote ni lile la mwisho katika kazi ya bibi: ainuke, atembee. Mahali pasipokandwa ni mfupa uliovunjika, tumbo la mwenye mimba, mahali palipovimba kwa usaha, na shavu la mguu mmoja lililovimba ghafula likawa na joto, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani, na kipande kikisukumwa kikafika mapafuni huua.

Hospitali zenyewe hazikuweza kuukimbia mkono. Shirati, ambako misioni ilihudumia pia wenye ukoma, kazi ilikuwa ile ile ya kina bibi: katika ugonjwa huo mkono usiosikia hulowekwa katika maji, husuguliwa, hupakwa mafuta, na vidole hunyooshwa kimoja kimoja kila siku visije vikajikunja. Na watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda siku hizi hutibiwa, katika Tanzania, Kenya na Uganda, kwa njia ya tabibu Ponseti aliyefanya kazi Marekani: unyayo huvutwa polepole kwa vidole, hutiwa plasta, na baada ya juma moja huvutwa tena, hata unyooke, wengi hukatwa kano ya kisigino, kisha huvishwa viatu maalumu kwa miaka. Upasuaji mkubwa ulioaminiwa zamani umeachwa kwa sehemu kubwa. Katika Moshi, hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 hufundisha wataalamu wa fiziotherapia. Lakini kutoka Mugango mpaka Moshi ni mbali, na mgonjwa wa kiharusi aliyerudishwa nyumbani akiwa na mkono uliolala hukandwa na nani, kama si jamaa zake? Hukandwa na wale ambao hatukuwaacha wajifunze.

Tangu mwaka 2002 Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na mkandaji hana haja ya kujificha. Hilo ni jema, ila sheria haiwezi kumfufua mtu.

Kwa sababu hiyo tumeanza, kwa kuchelewa, kukusanya maneno. Tungependa wasomaji wa Majita, Ukerewe, Ukara na Ukwaya watuletee katika lugha zao majina ya namna za kukanda: je, kuna neno moja kwa kiganja na jingine kwa kidole gumba? Mkono unaopanda kuelekea moyoni na mkono unaoshuka huitwaje? Na jambo lile la kumkunja mtoto mchanga miguu hata tumboni na kuinyoosha, lina jina lake? Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika kitabu chake cha Myombekere na Bugonoka alichokiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, ameonyesha jinsi mambo ya nyumbani yanavyoweza kuhifadhiwa na mtu mmoja mwenye subira. Tafadhali andikeni neno, kijiji lilipotoka, na umri wa aliyelisema. Wazee kwanza.